Wimbo mmoja kwa wiki: mwongozo kwa dizaina wa Dar anayetaka kuona kwa masikio

Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa Manzese anayeimba singeli alinipa kazi ya bango la shoo yake. Nikampelekea kazi safi: picha yake katikati, herufi nene za dhahabu, moshi kwa nyuma. Akaliangalia kwenye simu, akanyamaza kidogo, akasema, "Kaka, limetulia mno. Muziki wangu hautulii." Alisema kweli. Nilikuwa sijasikiliza hata wimbo wake mmoja mpaka mwisho. Mfano wa bango niliutoa kwenye tovuti ileile tunakochota madizaina wote wa mji huu, na ndiyo sababu bango la taarab, la injili, la dansi na la singeli, kutoka Mbagala mpaka Tegeta, yanaweza kubadilishana maandishi na asipatikane wa kushangaa.

Tangu siku hiyo nina utaratibu. Kila wiki natafuta wimbo mmoja nisioujua kabisa, nakaa nao mpaka uniachie umbo kwenye karatasi. Hakuna mteja anayenilipa kwa hilo, lakini mawazo mengi ninayowauzia wateja yanatoka kwenye daftari hilo. Utaratibu wenyewe ni huu.

Hatua ya 1: Tenga muda na vifaa

Unahitaji saa mbili kwa wiki, na zisiwe saa za kazi. Mimi nimechagua Jumanne usiku kwa sababu Jumanne hakuna mwenye haraka na mimi. Vifaa ni daftari lisilo na mistari, penseli mbili (moja laini, moja ngumu), na hedifoni za waya. Nasema za waya kwa sababu haziishiwi chaji katikati ya wimbo, na kwa bei moja huwa zinatoa besi nzuri kuliko zile ndogo zisizo na waya. Kariakoo zimejaa. Zijaribu dukani kwa wimbo unaoujua vizuri, usikubali wimbo anaokuchezea muuzaji.

Jambo moja nalisisitiza hata kama wenzangu wengi watabisha: muziki unaopiga huku unafanya kazi nyingine hauhesabiki. Nami napiga muziki nikiwa kazini, naupenda, lakini hapo sikio limelala. Muziki wa utaratibu huu unasikilizwa ukiwa umekaa bila kufanya kitu kingine chochote.

Hatua ya 2: Tafuta kwa miguu

Hapa ndipo pana kazi, na ndipo pana utamu.

Programu ya muziki kwenye simu inakupendekezea nyimbo kwa kuangalia watu waliosikiliza ulichosikiliza wewe, kisha kukuletea walichosikiliza wao. Ni msaada mzuri, lakini ukiutegemea peke yake utazunguka uwanja uleule. Dizaina mwenzako mwenye umri wako, anayekaa mtaa kama wako, anapewa orodha inayofanana na yako. Kisha mnashangaa kazi zenu zinafanana.

Anza na daladala. Madereva na makonda wa mji huu ni wachaguaji wa muziki wazuri kuliko tunavyowapa heshima, kwa sababu wanaona nyuso za abiria arobaini zikibadilika wimbo unapobadilika. Ukisikia kitu kigeni, toa simu, rekodi sekunde ishirini. Programu ya kutambua nyimbo unaweza kuijaribu, ila elewa inavyofanya kazi: inalinganisha alama za sauti hiyo na rekodi zilizomo ghalani mwake. Wimbo uliorekodiwa juzi kwenye chumba kimoja Tandale na kusambazwa kwa simu haumo ghalani, na mashine itakujibu kwamba haujui. Konda anaujua. Muulize wakati wa kushuka, gari likiwa limesimama, siyo wakati anadai nauli: "Kaka, samahani, huu wimbo wa nani?" Sijawahi kujibiwa vibaya. Mara mbili nimetumiwa wimbo wenyewe kwenye simu, na gari likachelewa kuondoka kwa ajili yangu.

Mahali pa pili ni vibanda vya kujazia nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Bado vipo, kwenye stendi na masoko. Kijana wa kibandani anajua wiki hii watu wanaomba nini. Muulize hilo, kisha muulize swali la pili ambalo ndilo lililoniletea mazuri zaidi: "Ipi unaipenda wewe na hakuna anayeiomba?" Uso wake utabadilika. Utakaa hapo nusu saa. Lakini kumbuka kwamba wimbo uliojazwa kwenye flashi haumlipi aliyeutunga. Mimi nakitumia kibanda kama mahali pa kuulizia njia, kisha namtafuta msanii kwenye ukurasa wake rasmi nimsikilize huko, ninunue panaponunulika, au niende kwenye shoo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwanamuziki kama inavyolinda mchoro wako. Dizaina anayelia kuibiwa nembo asiwe wa kwanza kumnyima mwanamuziki haki yake.

Njia ya tatu ni kufuata mtu. Chukua muziki wa dansi. Wanamuziki wake walihama bendi kama wachezaji wa mpira wanavyohama timu. Muhidin Maalim Gurumo aliimba NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964, akaenda Mlimani Park ilipoundwa mwaka 1978, baadaye Orchestra Safari Sound, kisha akarudi kwenye bendi ile ya NUTA, ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma. Tafuta sauti hiyo moja kwenye bendi zote tatu, uzisikilize siku moja. Sauti ni ileile, mavazi yanabadilika: hapa magitaa yamembeba, pale tarumbeta zinamjibu. Kwa dizaina hilo ni somo la bure, maandishi yaleyale yakipangwa kwenye kurasa tatu tofauti.

Ukiwa kwenye dansi, jifunze neno *mtindo* walivyolitumia wao. Kila bendi ilikuwa na wake, wenye jina. Mlimani Park walikuwa na Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Orchestra Maquis, waliotoka Zaire wakahamia Dar, walikuwa na Kamanyola. Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano yake walikuwa na Masantula. Mtindo ulikuwa mapigo, ulikuwa uchezaji, ulikuwa jina la kuitana mashabiki. Redio ikifunguliwa, kabla mtangazaji hajasema neno, watu walishajua ni nani anayepiga. Sisi tunauza "utambulisho wa chapa" kwa kurasa sitini za maelezo, na wazee hawa walikuwa nao kamili kwa sauti tupu. Siku hizi mteja mpya akija namuuliza, "Mtindo wako unaitwaje?" Akishindwa kujibu najua tunaanzia wapi.

Rekodi nyingi za bendi hizo zilifanyiwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri nyingi zilitengenezwa Nairobi, kwa hiyo usitegemee kila kitu kimepakiwa mtandaoni. Vipindi vya zilipendwa redioni bado ni mlango. Mlango mkubwa zaidi ni wazee. Mzee aliyecheza dansi miaka ya sabini atakuambia wimbo, ukumbi, na shati alilovaa. Mwamkie vizuri, "Shikamoo mzee," kaa, agiza kahawa, usiwe na haraka ya kurekodi.

Nenda pia kunakopigwa muziki wenyewe. Nafasi Art Space, Mikocheni, ina jambo langu ninalolipenda: wachoraji na wanamuziki uwanja mmoja. Alliance Française pale Upanga nao huwa na maonesho ya muziki. Ukiweza kujichanga, panda boti ya Zanzibar mwezi wa pili. Safari ni kama saa mbili, na Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004, litakupa ndani ya siku chache muziki wa nchi ambazo hujawahi hata kufikiria zinaimba vipi.

Ukikwama, fuata lebo, yaani kampuni inayotoa muziki, au studio badala ya msanii. Mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso, Mburahati, ulitolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ukiifungua orodha ya lebo hiyo unakuta njia za kwenda Uganda, Kongo, Mali na mbele zaidi. Njia moja ya Mburahati inaweza kukulisha mwaka mzima.

Hatua ya 3: Sikiliza mara tatu

Mara ya kwanza usishike penseli. Zima taa. Sikiliza mwanzo mpaka mwisho, hata kama unachukia. Hasa kama unachukia.

Mara ya pili chora. Laza daftari, piga mstari mrefu wa chini kutoka kushoto kwenda kulia: huo ndio muda. Wimbo ukianza, mkono uanze kutembea. Usichore vitu, chora uzito tu. Besi ikiingia, weka weusi chini. Gitaa la solo likipanda, mstari upande. Sauti ikinyamaza, acha karatasi nyeupe. Ukimaliza utakuwa na kitu kama ramani ya mlima, na ramani ya dansi haifanani kabisa na ya taarab. Wimbo wa dansi mara nyingi una sehemu mbili: mwanzo wa polepole ambapo kisa kinasimuliwa, kisha chemko, ambapo waimbaji wanapungua na magitaa yanafumana. Karatasini unaona upande wa kushoto una nafasi na upande wa kulia umejaa. Hiyo tayari ni bango.

Taarab asilia inakaa kwa namna nyingine. Vyombo vyake, udi, kanuni, fidla na kodiani, vinatembea pamoja kwenye njia moja ya sauti, kila kimoja kikiipamba kidogo kwa namna yake, kwa hiyo ramani inatoka kama nyuzi za mkeka zilizolala sambamba. Singeli, inayotoka kwenye mchiriku wa vinanda vidogo vya Casio na spika zilizofunguliwa mpaka zinakwaruza, inajaza karatasi yote. Hesabu mapigo kwa sekunde 15 uzidishe kwa 4. Mara nyingi utavuka 200 kwa dakika. Moyo wa mtu aliyetulia unapiga kati ya 60 na 100. Yule kijana wa Manzese alikuwa ananiambia hesabu hiyohiyo kwa maneno mengine.

Mara ya tatu sikiliza maneno. Andika mstari mmoja uliokuchoma, kwa herufi zako mwenyewe, ukubwa unaolingana na jinsi ulivyoimbwa. Kama lugha huielewi, andika silabi unazozisikia.

Hatua ya 4: Geuza sauti kuwa umbo

Sheria yangu moja: rasimu ya kwanza isiwe na chombo chochote cha muziki. Hakuna gitaa, hakuna maikrofoni, hakuna hedifoni, hakuna alama za noti. Vitu hivyo vinasema "huu ni muziki", na hilo msomaji analijua. Unachotakiwa kumwambia ni muziki wa namna gani.

Tazama ramani yako ujiulize maswali machache. Mapigo yako karibu au mbali? Hiyo ndiyo nafasi kati ya vitu. Nani anamjibu nani? Hapo ndipo ukurasa unapogawanyika. Kimya kiko wapi? Hapo usiweke kitu, hata mteja akikuomba uweke namba ya simu. Sauti ni kavu au ina mwangwi? Kavu inataka kingo kali na rangi bapa, ya mwangwi inaruhusu kivuli na kufifia.

Kisha kuna kanga, ambayo nadhani ndiyo shule kubwa ya usanifu tuliyonayo pwani. Ina pindo linalozunguka, mji katikati, na jina, yaani maneno, chini ya mji. Sehemu tatu, na ndani yake watu wamesema kila kitu kwa zaidi ya karne. Kanga na taarab ni ndugu: zote mbili zinasema kwa mafumbo, zinamlenga mtu bila kumtaja. Siti binti Saad, aliyepelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba katika mji ambao wanawake wake walikuwa wanajibizana kwa nguo. Nikipata wimbo wa taarab siweki picha ya mwimbaji. Nafanya pindo zito linalorudiarudia kama kiitikio, mji mmoja mkubwa katikati, na mstari mmoja wa maneno, mdogo, uliokaa mahali pa jina la kanga. Mwenye kulengwa atasoma.

Wenzetu wa kwingine nao wametuachia mifano. Alex Steinweiss alianza kuweka michoro kwenye makava ya Columbia Records mwaka 1940. Kabla yake santuri nyingi zilikaa kwenye karatasi tupu la kahawia. Reid Miles alitengeneza makava karibu 500 ya Blue Note, lebo ya jazz, na jazz yenyewe haikuwa muziki wake wa nyumbani, alipenda zaidi muziki wa klasiki. Watu hutumia mfano wake kusema kwamba kusikiliza si lazima. Mimi siukubali: yeye alikuwa na bosi aliyemweleza kila albamu ilivyo, sisi tunapewa namba ya WhatsApp na neno "fanya kitu kikali". Karibu na moyo wangu ni Ghariokwu Lemi wa Lagos, aliyejifunza kuchora mwenyewe, akaanza mwaka 1974 kumtengenezea mwanamuziki Fela Kuti makava, akafika 26. Hapa kwetu, Edward Saidi Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya sitini kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao vya mraba. Kava la santuri ni mraba, na kava la wimbo kwenye simu ni mraba. Mnyama wake mmoja anajaza mraba wote, mkia unapinda kufuata kona. Kabla hujalalamika kwamba kava ni dogo, katazame jinsi alivyoutumia.

Bango la singeli nililirudia hivi: niliondoa moshi, nikaandika jina la msanii mara arobaini kwa mistari iliyolala upande, kila mstari umesogea kidogo kutoka ulio juu yake, njano na nyeusi tu. Ukilitazama, macho hayatulii. Picha yake ilibaki ndogo, kona ya chini. Hakubishana nami kuhusu udogo wake.

Hatua ya 5: Peleka kwenye kompyuta

Hapa nitapita haraka, maana kazi kubwa imeshafanyika. Kava la kupakia kwenye majukwaa ya muziki lifanye mraba wa pikseli 3000 kwa 3000. Kabla ya kulitoa, lipunguze mpaka upana wa kidole gumba, punguza mwanga wa skrini, toka nje saa sita mchana ulitazame juani. Hivyo ndivyo wateja wako watakavyoliona, kwenye simu iliyopasuka kioo, ndani ya bajaji. Kisichosomeka hapo kiondoe.

La WhatsApp status fanya 1080 kwa 1920, na ukimtumia mteja litume kama dokumenti, kwa sababu likitumwa kama picha linabanwa na herufi nyembamba zinachafuka. La kuchapa libadilishe mapema kutoka rangi za mwanga za skrini kwenda rangi nne za wino. Ule ujani unaowaka kwenye kompyuta hautoki kwenye mashine, na ni afadhali uhuzunike wewe leo kuliko mteja siku ya shoo. Chapa karatasi moja ya A4, ibandike ukutani, rudi hatua kumi.

Hatua ya 6: Andika kumbukumbu

Kila wimbo upate ukurasa wake. Naandika jina la wimbo na msanii, nilikousikia, nani aliniambia, mapigo kwa dakika, rangi ya kwanza iliyonijia. Sipangi kwa aina ya muziki. Napanga kwa mahali, kwa sababu nikiwa nimekwama na kazi sikumbuki "mchiriku", nakumbuka "mvua, kituo cha Buguruni, spika ya muuza mahindi". Baada ya miezi mitatu rudia ukurasa mmoja kila mwezi bila kutazama mchoro wa kwanza, uchore upya. Ukilinganisha utaona sikio lilivyokua.

Hatua ya 7: Rudisha

Aliyekuonesha wimbo mtumie mchoro uliotoka humo. Konda wa njia ya Gongo la Mboto aliyenipa wimbo wa wiki ya pili ameweka mchoro wangu kwenye simu yake, na sasa ananitumia nyimbo bila kuombwa. Msanii mtaje jina unapoonesha kazi yako, na kama umetumia sura yake au maneno yake, muombe ruhusa kwanza. Wengi wanajibu wenyewe. Wawili kati yao ni wateja wangu leo.

Kwenye daftari langu kuna ukurasa mmoja ambao bado hauna jina. Ni sekunde ishirini nilizorekodi Temeke, kwenye bajaji iliyopita bila kusimama: kinanda kimoja kinachokwaruza, mwanamke anaimba Kizaramo au kitu cha karibu nacho, na besi inaingia nusu pigo kabla ya ngoma, kama mtu anayebisha hodi akiwa ameshaingia ndani. Nimeshauliza vibanda vinne na wazee wawili. Mzee mmoja aliomba niurudie mara tatu, akaniambia niende Mbagala Jumamosi nikamuulize mpiga ngoma mmoja anayemfahamu. Rangi ya kwanza iliyonijia ni kijani cha bahari asubuhi, na nimeacha nafasi juu ya ukurasa.